Zile Namba za Z Unazoambiwa Hazilipi

Wiki iliyopita, saa sita usiku, dada mmoja wa Houston aliniandikia. Anasoma kodingi, mtihani wake mwezi ujao. "Shikamoo dada. Nimefika sura ya 21, zile namba za Z55 mpaka Z65. Mwalimu anasema tusizipotezee muda, hazilipi. Nizipite?"

Nilimwitikia marahaba, nikaanza kumjibu kwa mistari miwili. Nilipoinua kichwa chai imepoa na nimeandika kurasa tatu, nusu yake hasira. Nikafuta zote. Nikasema hili naliweka hapa, maana anayeuliza si yeye peke yake. Wengi mnaonisoma mko njia hiyo hiyo: mchana mnabeba boksi au mnalea wazee wa watu, usiku mnasoma, mkitaka siku moja mfanye kazi mmekaa, nyumbani, skrini mbili mbele, mtoto akirudi shule anawakuta. Najua. Nami nilitaka hicho hicho.

Kwa aliye mgeni: koda ni mtu anayesoma faili la mgonjwa baada ya mwenyewe kwenda zake, akageuza yaliyoandikwa humo kuwa herufi na tarakimu, ili bili iende bima na takwimu ziende zinakokwenda. Hapa Marekani tangu tarehe 1 Oktoba 2015 tunatumia kitabu cha namba za magonjwa kiitwacho ICD-10-CM. Kila jambo lina namba yake. Malaria isiyotajwa aina ni B54. Kung'atwa na bata ni W61.61XA, hiyo sijawahi kuitumia, nangoja. Na karibu na mwisho wa kitabu, mahali ambapo mwanafunzi anafika akiwa amechoka, zimekaa namba za maisha yenyewe: Z55 elimu, Z56 kazi, Z59 nyumba na fedha, Z60 upweke na ugeni, Z62 malezi, Z63 ndoa na ndugu, Z65 jela, vita na mengine ya aina hiyo. Wakubwa wanayaita mazingira ya kijamii yanayoamua afya. Mimi nayaita yale mambo ambayo mgonjwa anayasema akiwa ameshika kitasa cha mlango anataka kutoka.

(Mama yangu, Morogoro, amewaambia majirani kwamba nafanya kazi ya kodi. Mmoja alinipigia nimsaidie mambo yake ya TRA. Ndiyo maana humu nasema "namba", nisije nikapata wateja wengine.)

Sasa nianze na aibu yangu, ndipo nipate haki ya kusema.

Kabla ya kuja huku nilikuwa kwenye takwimu, hospitali ya wilaya huko Tanzania, chumba cha MTUHA, yaani mfumo wa taarifa za huduma za afya. Kitabu namba 5 cha wagonjwa wa nje tulikijua kama Sala ya Bwana. Mwisho wa mwezi tunajumlisha kwa vijiti, vinne na cha tano kinakata. Mlango wa pili alikaa afisa ustawi wa jamii. Asiyeweza kulipa alipelekwa kwake, anakaa kwenye benchi, anajieleza, na yule mama anaandika kwenye kaunta buku: huyu mume kamkimbia, huyu mvua imembomolea nyumba analala kibarazani kwa watu, huyu hajala tangu jana. Kwetu, mtu huyo huyo alikuwa nimonia. Kijiti kimoja. Kaunta buku ilipojaa ilirushwa juu ya kabati, na baada ya miaka miwili panya walikuwa wanajua habari za watu wale kuliko sisi tuliopeleka ripoti.

Sikuona tatizo lolote. Nataka mlielewe hilo. Nilikuwa nasifiwa kwa kupeleka ripoti mapema.

Nikaja Texas. Miaka ya boksi naipita, kila mtu ana yake na zote zinafanana. Lakini kuna siku moja mwaka 2017 siwezi kuipita. Nilikuwa mjamzito wa miezi mitano, nimekwenda kliniki, nikapewa ubao wenye fomu na kalamu iliyofungwa kwa uzi. Maswali yalikuwa mengi, ila mawili yalihusu chakula. La kwanza lilisema, kwa maana: katika miezi 12 iliyopita tulikuwa na wasiwasi kwamba chakula kitaisha kabla hatujapata fedha ya kununua kingine. La pili: chakula tulichonunua hakikututosha na hatukuwa na fedha ya kuongeza. Majibu matatu: mara nyingi ni kweli, wakati mwingine ni kweli, si kweli kamwe.

Mume wangu alikuwa amepunguziwa saa za kazi ghalani. Nyumbani kulikuwa na mayai manne, nusu ya kabichi, na unga. Ile ilikuwa siku ya tano ya ugali na kabichi, na mayai nilikuwa namwekea mtoto. Nikashika ile kalamu, nikaangalia kushoto na kulia kana kwamba naibia mtihani, nikaweka tiki: si kweli kamwe. Mara mbili.

Kwa nini? Kwanza aibu. Mimi mtoto wa mwalimu niandike kwa mkono wangu kwamba nina njaa, Marekani? Pili, woga. Mnaijua ile minong'ono yetu ya baada ya ibada: ukisema huna chakula wanakuja kuchukua watoto, ukisema huna kitu makaratasi yako yanaharibika. Nesi akapitisha macho kwenye fomu, akatabasamu, akaigeuza. Kwenye faili langu mpaka leo mimi wa mwaka 2017 ni mwanamke aliyeshiba. Uzito wangu ulipokuwa hauongezeki wakanipa karatasi yenye picha za samaki na matunda, wakanishauri nile vizuri.

Hayo nimewahi kumsimulia mtu mmoja tu kabla ya leo. Basi.

Mtihani nilifaulu mwaka 2022, ule wa CPC, cheti cha ukoda, maswali 100 kwa saa nne, na unatakiwa kufikisha asilimia 70. Nikapata kazi. Nikajiona nimefika. Kasi yangu ilikuwa nzuri, na kasi ndiyo inayotazamwa: mafaili mangapi kwa saa. Nikajifunza njia za mkato. Soma muhtasari wa ruhusa, soma historia ya daktari, soma vipimo, weka namba, funga. Noti za manesi na za ustawi wa jamii ziko chini kabisa, ndefu, hazina dawa wala kipimo. Nilikuwa sizifungui.

Machi 2023 likaja faili la mzee mmoja. Nabadilisha mambo ya kumtambulisha, ila kiini ni hiki: mtu wa miaka sitini na kitu, kisukari cha aina ya pili, kaletwa hajiwezi, damu imechachuka kwa sukari. E11.10. Daktari ameandika: mgonjwa hafuati maelekezo ya dawa. Nikaweka namba ya kutofuata dawa, nikaweka Z79.4 kwa sababu anatumia insulini muda mrefu, nikaweka na figo, nikafunga. Dakika tisa. Nakumbuka kwa sababu nilijipongeza.

Baada ya wiki tano jina lile lile likaingia kwenye foleni yangu. Hali ile ile, safari hii ICU. Sijui ni nini kilichonifanya nirudi kwenye faili la alipolazwa mara ya kwanza nikashuka mpaka chini kabisa. Noti ya afisa ustawi wa jamii ilikuwa imeandikwa kupitia mkalimani wa Kiswahili kwa simu. Mzee alikuwa mkimbizi wa Kongo. Alisema dawa anaigawa nusu, siku nyingine anaruka, kwa sababu kodi ya nyumba imepanda na mwenye nyumba amekwisha kumpa karatasi ya kumtoa. Noti ilikuwa ya Kiingereza safi, lakini masikio yangu yalisikia Kiswahili cha Kivu kabisa: makuta haiko. (Mtu wa Dar ukimwambia huna makuta atadhani unajenga. Fedha, jamani. Wakalimani wetu nao wana la kujifunza hapo.)

Basi yule mzee hakuwa mkaidi. Alikuwa anapiga hesabu. Na mimi, Mswahili pekee katika ile timu, mtu pekee ambaye angeyasikia maneno yake bila mkalimani, ndiye niliyemgonga muhuri wa ukaidi kwa dakika tisa.

Niwaeleze kwa kitaalamu kilichotakiwa, maana hapa ndipo penye shule. Kutumia dawa pungufu kuna namba yake: kwa insulini na vidonge vya sukari ni T38.3X6A. Kisha kuna namba inayosema kwa nini: Z91.120, amepunguza makusudi kwa sababu ya fedha. Kisha Z59.811, ana nyumba ila yuko hatarini kuipoteza. Weka faili la namna hiyo kando ya lile langu. Moja linasema huyu mtu hasikii. La pili linasema huyu mtu amebanwa na kodi. Anayesoma la kwanza atampa karatasi yenye picha za samaki.

Lakini, na hii lakini ni kubwa, mimi kama koda nisingeweza kuyachota yote hayo kwenye noti ya ustawi wa jamii na kuyaweka kwa amri yangu. Mambo ya nyumba, chakula, usafiri, upweke, yale ya Z55 mpaka Z65, mwongozo wa taifa unaruhusu yachukuliwe kwa maandishi ya nesi, ya afisa ustawi, hata ya mhudumu wa afya ya jamii. Hata maneno ya mgonjwa mwenyewe aliyoyajaza kwenye fomu yanakubalika, mradi mtoa huduma ameyasaini na yameingia kwenye faili. Ila suala la kutumia dawa pungufu ni la daktari. Daktari kaandika "hafuati", ustawi kaandika "hana fedha". Hapo unatakiwa umwandikie daktari swali. Si swali la kumlisha jibu. Unamwekea yote mawili mbele, hili na hili, unamwomba afafanue kwa aonavyo yeye. Inachukua dakika nne. Mimi nilikuwa nimejipongeza kwa tisa.

Sasa ningewaambia kwamba tangu siku ile nikawa koda bora, ningekuwa naongopa. Nikawa koda mbovu kwa upande wa pili.

Nilishikwa na kiherehere cha huruma. Nikawa naziona Z kila mahali. Mzee anakaa peke yake? Z60.2. Mjane? Z63.4. Mhamiaji? Z60.3. Kwetu mzee kukaa peke yake ni msiba, watu watauliza ndugu zake wako wapi, wanangoja nini. Hivyo kila nilipokutana na "anaishi peke yake" mkono wangu ulikwenda wenyewe. Miezi mitatu. Kisha ukaja ukaguzi.

Kwetu ukipata chini ya asilimia 95 unaitwa. Nilipata 88. Ukaguzi ulifanywa kwa video, tukiwa watu saba, na mkaguzi alipandisha mafaili yangu kwenye skrini moja baada ya jingine. La kwanza lilikuwa la bibi wa miaka 81 aliyevunjika mkono. Anaishi peke yake, ndiyo. Faili lile lile linasema anapalilia bustani yake, Alhamisi anacheza karata kanisani, na binti yake anakaa nyumba ya pili. Mkaguzi akauliza: "Hapa tatizo liko wapi?" Sikuwa na jibu. Akapandisha mengine kumi na tatu. Mwisho akasema, na sauti yake bado naisikia nikikuna nazi: "Wewe ni koda, si mchungaji."

Nilizima kamera. Watu sita walisikia. Mmoja alicheka, nilimtambua kwa kikohozi chake.

Alikuwa sahihi, na hilo ndilo linaloniuma zaidi. Mwongozo umetoa mfano huo huo, kwamba si kila anayeishi peke yake anawekewa Z60.2. Lazima iwe imeandikwa kwamba hali hiyo ni tatizo au ni hatari kwa afya yake. Namba hizi pia haziwekwi kamwe kuwa sababu ya kwanza ya mtu kulazwa. Zinakaa nyuma ya ugonjwa. Nilikuwa nayajua yote hayo kwa mtihani. Ila alivyosema ndivyo vilivyokuwa vibaya, na sijasahau, na sioni kwa nini nisahau.

Basi yule dada wa Houston, na wewe usomaye, nisikilizeni.

Fungua noti ya ustawi wa jamii. Ifungue kwanza, kabla ya muhtasari wa daktari, hata kama msimamizi wako anahesabu dakika. Nimejipangia hivyo tangu mwaka 2023: ustawi, kisha manesi, kisha madaktari. Kasi yangu ilishuka kwa mwezi mmoja, ikarudi. Kwenye noti ya daktari utakuta ugonjwa. Kwenye noti ya ustawi utakuta kwa nini ugonjwa umerudi.

Halafu, ukishaisoma, jizuie. Usiandike kile unachokihisi, andika kile kilichoandikwa. Mfano wa chakula: "mgonjwa anapenda kula mara moja kwa siku" si njaa. "Mgonjwa anaruka mlo ili watoto wale, chakula cha msaada kinaisha wiki ya tatu" hiyo ni Z59.41, na imewekwa hapo tangu Oktoba 2021 kwa ajili ya watu kama mimi wa mwaka 2017. Kabla ya hapo njaa ya kukosa uhakika haikuwa na namba yake peke yake.

Na ujue tofauti ndogo ndogo, maana humo ndimo Waswahili tunamoteleza. Chukua kukosa makazi. Z59.01 ni asiye na makazi ila yuko chini ya dari, Z59.02 ni asiye na dari, na anayelala kwenye gari anahesabiwa humo kwenye Z59.02. Sasa fungua maelezo ya Z59.01 uone wanaotajwa: yumo mtu aliyejibana kwenye nyumba ya watu wengine kwa sababu hana pake. Nilipolisoma hilo mara ya kwanza nilicheka peke yangu. Mwaka wangu wa kwanza tulilala sebuleni kwa binamu wa mume wangu, watu wanne, miezi saba, magodoro yanakunjwa saa kumi na moja alfajiri kabla wenyewe hawajaamka kwenda kazini. Ningeulizwa kama sina makazi ningetukana. Mimi nina ndugu! Ndivyo atakavyokujibu mgonjwa yeyote wa kwetu, na afisa ustawi asiyetujua ataandika "anaishi na ndugu", na wewe koda utapita. Huwezi kuweka kisichoandikwa. Lakini unaweza kumwandikia afisa yule ukamwambia swali lake haliulizwi hivyo kwa watu wa kwetu. Mimi nilimwandikia wetu. Siku hizi anauliza, "Mnalala chumba gani, na mtakaa hapo mpaka lini?" Majibu yamebadilika.

Kuhusu hili la "hazilipi", mwalimu wako amelala. Tangu Oktoba 2023 Medicare, bima ya serikali ya wazee na walemavu, imezihesabu Z59.00, Z59.01 na Z59.02, zote za kukosa makazi, kama hali ya nyongeza inayopandisha uzito wa kulazwa na malipo yake. Oktoba 2024 zikaongezwa saba nyingine, za nyumba mbovu na za nyumba inayotetereka, ile Z59.811 ya mzee wangu ikiwemo. Mgonjwa wa kisukari aliyelazwa, kama hakuna kingine kilichokwisha kumbeba, anatoka kundi la malipo 639 kwenda 638, linalolipa zaidi, kwa sababu ya karatasi ya mwenye nyumba. Na kwa kliniki za kawaida, tangu Januari 2021, daktari akiandika kwamba matibabu yamekwama kwa sababu ya hali ya maisha ya mgonjwa, hilo linahesabika katika ngazi ya ugumu wa ziara. Kwa hiyo zinalipa. Kabla hazijalipa pia zilitakiwa kuwekwa, lakini naona nikisema hivyo mnaangalia pembeni, basi nawapa na bei.

Mnajua mwaka 2019 ni wagonjwa wangapi wa Medicare ya kawaida waliowekewa hata namba moja ya Z hizi? Asilimia 1.59. Medicare, wazee na walemavu wa nchi hii nzima! Mtu akisoma takwimu hiyo ataona asilimia 98 na zaidi hawana njaa, hawana upweke, hawajafiwa na mtu, nyumba zao ziko imara. Ni mimi wa mwaka 2017 nimezidishwa mara milioni kadhaa, nimeshika kalamu yenye uzi.

Na wengine mtaniambia, dada, sisi tunatafuta maisha, haya ya kuwaokoa Wamarekani yanatuhusu nini? Yanatuhusu hivi: mafaili ya watu wetu yamejaa humo. Wakongo wa kambi, akina mama wa Kiburundi, mabinti wa kwetu wanaolea wazee usiku na hawana bima. Wote hao ni wataalamu wa kusema "sijambo". Tumelelewa hivyo. Mtu anakata roho anasema sijambo kidogo. Nani atausoma huo "sijambo kidogo" kama si wewe? Kama umekuja kwenye kazi hii kwa sababu ya kiti na skrini mbili, kaa, karibu, nami nimekalia. Ila usiniambie noti ndefu hazikuhusu. Soma noti ya ustawi wa jamii. Nimesema tayari? Nasema tena. Isome.

Mwezi uliopita msimamizi aliniomba niwafundishe wenzangu somo la Z, saa moja, makoda ishirini na wawili. Nilivaa kitenge changu cha Kigoma na lipstiki, kwa video! Nikawapandishia mafaili mawili, yote yangu, yote mabovu: la mzee na la bibi wa karata. Nikawauliza: "Hapa tatizo liko wapi?" Mkaguzi wangu wa mwaka ule alikuwemo, kamera kaizima. Somo lilipokwisha aliniandikia neno moja la asante. Sijamjibu. Nitamjibu, lakini si wiki hii.

Na juzi nimempeleka mwanangu wa pili kliniki, yule yule wa ile mimba. Ana pumu. Ziara ilikuwa ya wiki tatu nyuma, tukaikosa kwa sababu gari lilikuwa gereji, na sisi tunakaa Arlington, mji wa watu karibu laki nne usio na hata basi moja la kupita njia maalumu, kuna vigari vya kuita kwa simu tu, na siku ile havikuja. Siku hizi hawatoi ubao na kalamu, wanatoa kishikwambi. Chakula: si kweli kamwe, na mara hii ni kweli tupu, nikashusha pumzi. Usafiri: je, kukosa usafiri kumewahi kukuzuia kufika hospitali? Kidole kikasimama. Mtoto ananiangalia. Nikabonyeza ndiyo. Nesi akaniuliza habari za gari, nikamweleza yote, mpaka bei ya gia, naye akawa anaandika huku anaitikia kwa kichwa. Nikampenda.

Usiku nikafungua ukurasa wetu wa mgonjwa kuangalia muhtasari wa ziara. Nilitafuta Z59.82, usafiri usio na uhakika, mpya ya Oktoba 2022, tena naijua kwa moyo. Nikashuka mpaka chini. J45.909. Pumu, basi.